Seva ya pili ilikufa, hifadhidata ikaanguka kwenye seva ya kwanza: uchambuzi wa kisa

Mashine pepe (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya seva halisi) iliyotuumiza zaidi usiku ule haikuwa kwenye seva iliyoharibika. Ilikuwa kwenye seva ya jirani, seva nzima isiyo na doa, na ilikufa karibu nusu saa baada ya mambo kutulia, sisi tukiwa tumeshaambiana kwenye simu kwamba yamekwisha. Naandika kisa hiki kwa ajili ya hiyo nusu saa. Seva kuharibika kila mtu huwa amejiandaa nako kwa namna yake. Kilichofuata hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiwaza.

Nianze na mpangilio wenyewe. Ni klasta ya seva tatu zinazofanana, kila moja ikiwa na RAM ya GB 256, zote zikiendesha Proxmox VE, mfumo wa kubeba na kusimamia mashine pepe. Diski za mashine pepe hazikai ndani ya seva moja. Zimo kwenye Ceph, programu ya hifadhi inayotumia diski za seva zote tatu na kuweka nakala tatu za kila kipande cha data, nakala moja kila seva. Mashine pepe zilikuwa 31. Seva ya kwanza ilibeba chache lakini nzito, sita tu, na mojawapo ilikuwa hifadhidata kuu ya PostgreSQL iliyopewa GB 96 peke yake. Seva ya tatu ilibeba 14 nyepesi. Ya pili ilibeba 11 za kila namna, ikiwemo nakala ya ile hifadhidata, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea mabadiliko kutoka kwa kuu na kusubiri siku ya dhiki.

HA (high availability), huduma ya Proxmox inayoziwasha mashine kwingine seva yao ikifa, ilikuwa imewashwa. Katika kikao cha kuombea fedha za seva ya tatu mimi mwenyewe niliwaambia wakubwa kwamba seva moja ikifa, mashine hazitakatika. Sentensi hiyo iliingia kwenye muhtasari wa kikao na haikuwahi kutoka.

Saa 8:41 usiku

Logi zinaandika 02:41:07, na huo ndio mstari wa mwisho kutoka kwa seva ya pili. Kijiti kimoja cha RAM kilipata kosa ambalo ECC, kinga ya RAM inayosahihisha makosa madogo, haiwezi kulisahihisha, prosesa ikapiga yowe, keneli (kiini cha mfumo endeshi) ikasimama pale pale. Hakukuwa na kuzima kwa utaratibu wala kuaga. Kwa seva mbili zilizobaki ilikuwa sawa na mtu kung'oa waya ukutani.

Sekunde chache baadaye Corosync, programu inayobeba salamu kati ya nodi, yaani seva za klasta, ilitoa orodha mpya ya wanachama: ya kwanza na ya tatu. Kura mbili kati ya tatu, akidi imetimia, kikao kiendelee.

Hakikuendelea mara moja, hata kwa wazima. Kwenye Ceph kila kipande cha data kina nakala moja inayoongoza, ndiyo inayopokea maombi ya kusoma na kuandika, na karibu theluthi ya nakala hizo zilikuwa kwenye diski za seva iliyokufa. Ceph haiandiki tanzia kwa kukosa salamu moja. Kwa mipangilio yake ya kawaida husubiri sekunde 20. Kwa muda huo kila mashine iliyogusa vipande hivyo, popote ilipokuwa, ilisimama ikisubiri. Haikuzima na haikupoteza kitu, na baadaye iliendelea kana kwamba hakuna jambo. Mimi siiti hali hiyo kukatika. Najua wenzangu ambao wangeiita hivyo, na kama mfumo wao hauvumilii sekunde 20 za ukimya, wana haki.

Zile 11 za seva ya pili, hizo zilikufa kwelikweli. Kila kilichokuwa kwenye RAM yao kilikwenda nayo: miamala iliyoanzwa bila kumalizwa, watu waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao, faili lililofika katikati. Diski zao zilikuwa salama, kwa kuwa nakala mbili kati ya tatu zilibaki. Zilichohitaji ni seva nyingine ya kuziwasha. Zilikaa gizani kama dakika mbili.

Dakika mbili za nini?

Kijana wa zamu alinipigia muda huohuo. Tahadhari ilikuwa imemwamsha na alikuwa ameshafungua skrini. "Kaka, klasta inaona kabisa nodi imepotea. Sasa inangoja nini?"

Ni swali zuri, na ndilo wengi hulikosea. Seva mbili zilizobaki hazijui kama mwenzao amekufa. Zinajua tu kwamba hasikiki. Ukimya una maana mbili: ama amekufa, ama waya kati yenu umekatika naye yuko kwake anaendelea na kazi, akiandika kwenye diski kama kawaida. Ukiiwasha mashine yake upande wa pili ilhali ya kwanza bado ipo hai, una mifumo miwili inayoandika kwenye diski moja, kila mmoja ukiamini uko peke yake. Mfumo wa faili unageuka uji. Uharibifu huo hautibiwi kwa kuwasha upya. Unakwenda kutafuta bakapu, ukiomba Mungu iwe ya jana.

Kwa hiyo kuna makubaliano: nodi iliyopoteza akidi ijiue yenyewe. Kila seva ina kipima muda ambacho huduma ya HA hukirudisha nyuma mara kwa mara. Seva ikijikuta iko peke yake bila kura za kutosha, inaacha kukirudisha, na zikipita sekunde 60 kipima muda kinaipiga seva nzima iwake upya, itake isitake. Walio upande wenye akidi hawaoni tukio hilo, lakini wanajua kanuni, basi wanahesabu. Wanangoja hadi kufuli la nodi iliyopotea, yaani haki yake ya kuzishika mashine zake, limalize muda wake, ndipo wanazichukua mashine zake. Nyaraka za Proxmox zinasema wazi kwamba kugundua na kuhamisha huchukua kama dakika 2, na kwa sababu hiyo usitarajie zaidi ya upatikanaji wa asilimia 99.999. Asilimia hiyo ni kama dakika 5 na robo kwa mwaka mzima. Seva mbili zikifa ndani ya mwaka mmoja, bajeti yako imebaki na dakika moja hivi.

Yupo mwenzetu aliyependekeza tufupishe muda huo. Mimi nilikataa na bado nakataa. Dakika mbili za giza ni nusu shari. Mtu anayezitaka zipungue kwa mashine fulani anapaswa kutafuta njia nyingine, ambayo nitaifikia, na si kuikimbiza HA ihukumu kabla ya ushahidi.

Hapo pia ndipo ilipo sababu ya seva tatu badala ya mbili. Katika klasta ya wawili, kila mmoja ana kura moja, na mwenzake akinyamaza, kura moja kati ya mbili si wingi. Hata kijisanduku kidogo kisichobeba mashine yoyote, kikipiga kura ya tatu tu, kinatosha kuondoa mkwamo huo.

Nane kati ya kumi na moja

Baada ya saa 8:43 mashine zilianza kuwaka, na kufikia 8:46 nane zilikuwa juu. Tatu zilizobaki zilikuwa na visa vyao. Mbili hazikuwa zimeandikishwa kwenye HA. Mtu aliziunda kwa haraka akakusudia kurudi, hakurudi. Kwa HA hazikuwepo duniani. Moja ilikuwa ya majaribio. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikituma barua pepe zote za mfumo, zikiwemo za tahadhari, na bahati yetu ni kwamba tahadhari za klasta zilikuwa na njia ya pili kupitia ujumbe wa simu.

Ya tatu nilicheka nilipoiona, kicheko kile cha uchungu. Iligoma kuwaka kwa sababu kiendeshi chake cha CD pepe kilikuwa bado na faili la ISO (nakala ya CD ya usakinishaji) la siku iliposakinishwa. Faili hilo lilikuwa kwenye diski ya ndani ya seva ya pili, hapakuwa na nakala kwingine. HA ilijaribu kuiwasha ikashindwa, ikaijaribu kwenye nodi nyingine ikashindwa, ikaiandikia hali ya kosa na kuachana nayo. Tiba yake ni kutoa CD. Sekunde kumi. Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kuitoa kwa sababu haikumsumbua mtu.

"Nimeitoa, inawaka kwenye seva ya tatu," kijana aliniambia. "Zile mbili naziwasha kwa mkono asubuhi?" Nikamwambia ile ya barua aiwashe sasa hivi. Tukaagana saa 8:55. Nilikata simu nikiwa na kiburi kidogo, lazima niseme ukweli.

Saa 9:12

Saa 9 kamili ndipo zinapoanza kazi za usiku: ripoti, mahesabu ya siku, kupanga upya faharasa. Dakika 12 baadaye hifadhidata kuu ilitoweka. Haikuwa polepole, haikuwa na onyo. Mchakato wake uliuawa na keneli ya seva ya kwanza.

Linux ikiishiwa RAM kabisa huchagua mchakato wa kuua ili wengine waishi, na kwa kawaida huchagua ulionenepa kuliko wote. Mashine pepe, kwa macho ya seva inayoibeba, ni mchakato mmoja tu. Na kwenye seva ya kwanza mnene kuliko wote alikuwa hifadhidata yetu ya GB 96. Keneli haijui kwamba huyo ndiye mwenye nyumba.

RAM iliishaje? Nilikaa na swali hili siku nzima iliyofuata, maana hesabu ya jumla ilikuwa ikitosha. Kila seva tulikuwa tunaiachia GB 20 kwa ajili yake yenyewe na michakato ya Ceph. Mashine za seva ya kwanza zilikuwa zimepewa jumla ya GB 196, hivyo nafasi iliyobaki ni 40. Za seva ya tatu zilikuwa na 150, nafasi ni 86. Ukijumlisha unapata 126. Zile tisa za HA kutoka seva ya pili zilihitaji 118. Zilitosha, kwa GB 8 za ziada.

Ila HA haikuzigawa hivyo. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Proxmox inapochagua nodi ya kupeleka mashine iliyofiwa na seva hutazama idadi ya mashine za HA zilizoko pale, si uzito wake. Inahesabu vichwa. Seva ya kwanza ilikuwa na vichwa sita, ya tatu 14. Basi yatima wa kwanza akapelekwa kwa mwenye sita, akawa na saba. Wa pili kwake tena. Wa tatu. Nane mfululizo zilikwenda seva ya kwanza mpaka idadi zikalingana 14 kwa 14, na moja tu, tena yenye GB 8, ndiyo iliyokwenda seva ya tatu. Seva iliyokuwa na nafasi ya GB 40 ikaelekezewa 110. Mwenye ISO alipogoma na kuhamia kwingine zikabaki 98. Seva ya tatu, yenye nafasi tele, ilikuwa imekaa inatazama.

Na kwa nini haikuanguka palepale saa 8:46? Kwa sababu mashine pepe ikiwaka haichukui RAM yake yote siku hiyohiyo. Inachukua kidogo kidogo, kadiri inavyoigusa. Mashine saba ziliwaka zikiwa nyembamba, zikaonekana zimekaa vizuri, kisha zikaendelea kunenepa hadi kazi za usiku zilipozijaza zote kwa pamoja. Nusu saa yetu ya amani ilikuwa muda wa kunenepa tu.

Kulikuwa na la pili. Ile nakala ya hifadhidata, ambayo sababu yake yote ya kuwepo ni kukaa mbali na hifadhidata kuu, HA iliiwasha kwenye seva ya kwanza, ubavuni mwa kuu. Hatukuwa tumeiambia kwamba hawa wawili hawalali chumba kimoja. Hifadhidata kuu ilipouawa, nakala yake ilikuwa palepale ikigombea RAM ileile.

HA ilifanya kazi yake tena: ikaona mashine imezima, ikaiwasha. PostgreSQL ikasoma kumbukumbu zake za mabadiliko, ambazo huziandika kabla ya kugusa data yenyewe, ikajirekebisha, na saa 9:17 ikaanza kupokea watu. Hakuna muamala uliothibitishwa uliopotea, na hilo ni sifa ya PostgreSQL, si yetu. Lakini hakuna aliyekuwa ameondoa sababu. Saa 9:31 keneli ikaiua mara ya pili. Safari hii kijana alikuwa ameshaona mstari wa mauaji kwenye logi ya seva. Akahamisha mashine sita zikiwa hai kwenda seva ya tatu, akazima za majaribio, hali ikatulia. Alikuwa na maelekezo ya kuipandisha nakala iwe kuu, akaamua asiyatumie, kwa sababu kuu ilikuwa inarudi na aliogopa kuishia na kuu mbili. Alifikiri vizuri kuliko waraka tuliomwandikia.

Kuna hesabu moja niliyoifanya baadaye iliyonitisha kuliko kisa chenyewe. Ingekufa seva ya kwanza badala ya ya pili, hifadhidata ya GB 96 ingehitaji mahali pamoja penye GB 96. Nafasi kubwa kuliko zote klasta nzima, ukizihesabu na zile mbili zisizo kwenye HA, ilikuwa 86. Jumla ya nafasi haikusaidii kitu kama imekatwa vipande. Mashine moja haikai nusu huku nusu kule.

Kuhama, kufufuka, kuwa wawili

Asubuhi mkubwa mmoja aliuliza, bila hasira, kwa nini mashine zilikatika ilhali muhtasari unasema hazikatiki. Nililazimika kutenganisha mambo matatu ambayo kwenye kikao kile niliyachanganya.

La kwanza ni kuhama ukiwa hai. Seva inakili RAM ya mashine kwenda seva nyingine huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Kurasa, yaani vipande vya RAM, zilizobadilika wakati wa kunakili zinanakiliwa tena, duru baada ya duru, hadi zinabaki chache. Mashine inasimamishwa kufumba na kufumbua, mabaki yanavuka, inaendelea upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti waliotumia Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe, walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 ikiwa na wachezaji ndani, na kusimama kwake kukawa milisekunde 60. Huko ndiko kutokatika hasa. Ila kuna sharti: seva unayoihama lazima iwe hai. Maiti haikusaidii kubeba mizigo.

Na sisi tulikuwa na muda wa kuhama. Nilipofungua daftari la matukio la kidhibiti cha maunzi cha seva ya pili, nilikuta makosa ya RAM yaliyosahihishwa na ECC, kijiti kilekile, nafasi ileile, siku tisa mfululizo. Kwanza matatu kwa siku, mwishoni makumi. Hakuna tahadhari iliyotumwa kwa sababu makosa yaliyosahihishwa hatukuyahesabu kuwa makosa. Siku yoyote kati ya hizo tisa tungeweza kuihamisha seva nzima mchana kweupe, watu wakiwa kazini, na asingejua mtu.

La pili ni kufufuka, na hiyo ndiyo HA. Mashine inakufa, kisha inawashwa kwingine ikiwa na diski yake lakini bila RAM yake. Iwe Proxmox, iwe VMware, iwe Hyper-V, msingi ni huohuo. Nilichowaahidi wakubwa kilikuwa kutokatika. Nilichowanunulia kilikuwa kufufuka.

La tatu ni kuwa wawili kwa wakati mmoja. VMware walileta FT (fault tolerance, uvumilivu wa hitilafu) mwaka 2009 katika vSphere 4, mfumo wao wa mashine pepe: mashine ya pili kwenye seva nyingine ikirudia kila kilichoingia kwenye ya kwanza, hatua kwa hatua. Mwanzoni iliruhusiwa prosesa pepe moja tu. Mwaka 2015, katika vSphere 6, walibadilisha mbinu wakaanza kupeleka hali ya mashine kwa picha za haraka haraka, na idadi ikapanda hadi nne, baadaye nane. Mbinu ya picha ilikuwa imeshaonyeshwa mwaka 2008 na mradi wa Remus wa Chuo Kikuu cha British Columbia, uliopiga picha ya mashine hadi mara 40 kwa sekunde.

Ufundi wenyewe unapendeza na inafaa kuutazama kwa karibu. Mashine inafanya kazi kwa milisekunde 25. Majibu yote inayotaka kuwapelekea watu nje yanazuiwa mlangoni. Mabadiliko ya RAM yanapelekwa seva ya pili. Seva ya pili ikijibu "nimepokea", ndipo mlango unafunguliwa na majibu yanatoka. Kwa hiyo ulimwengu wa nje hauwezi kamwe kuona jambo ambalo seva ya pili hailijui. Ya kwanza ikifa katikati, kazi yake ya milisekunde chache inapotea, lakini hakuna aliyekuwa ameiona, basi ni kama haikutokea. Ya pili inaendelea kutoka kwenye picha ya mwisho na miunganisho haikatiki.

Gharama yake inatokana na uzuri huohuo. Kila jibu linachelewa mlangoni. Mashine inayoandika RAM kwa wingi, kama hifadhidata, inajaza mtandao kati ya seva hizo mbili. RAM inalipwa mara mbili. Na inakinga dhidi ya maunzi tu: mfumo ndani ya mashine ukianguka kwa kosa la programu, pacha wake anaanguka naye kwa uaminifu wote. Ndiyo maana, kwa mashine nyingi, sioni faida ya kuipigania. Mfumo unaojua data yake, kama PostgreSQL, unaweza kuilinda kwa bei nafuu kuliko haipavaiza (programu inayobeba mashine pepe) isiyojua kilichomo ndani.

Tulichobadilisha

Kubwa kwanza: nafasi. Tuliipunguzia hifadhidata kutoka GB 96 hadi 64 baada ya kupima, na haikulalamika. Mashine tano ambazo hakuna aliyeweza kutuambia zinafanya nini tulizizima kwa mwezi mmoja, kisha tukazifuta. Tuliibadilisha HA ihesabu RAM na prosesa zilizoandikwa kwenye mipangilio ya mashine badala ya vichwa. Na kila Jumatatu skripti moja inajifanya kila seva imekufa kwa zamu, inajaribu kuzipanga mashine zake kwingine moja moja, kuanzia kubwa, na kutuambia ipi imekosa pa kukaa. Skripti hiyohiyo inataja mashine isiyo kwenye HA na yenye CD ndani ya kiendeshi. Ilinichukua mchana mmoja kuiandika. Ingeweza kuandikwa miaka miwili kabla.

Hifadhidata tuliitoa mikononi mwa HA kama tegemeo la kwanza. Sasa ni PostgreSQL tatu, moja kila seva, zikisimamiwa na Patroni, programu inayoamua ipi iwe kuu, na kura zake zinakaa kwenye etcd, hifadhi ndogo ya pamoja yenye wanachama watatu, nao mmoja kila seva. Muamala hauthibitishwi mpaka nakala mojawapo iwe imeupokea. Uandishi umekuwa mzito kidogo na tumekubali. Toleo la 9 la Proxmox VE, la mwaka 2025, lilileta sheria za kuzitenganisha mashine, kwa hiyo tumeandika bayana kwamba hizi tatu hazikutani. Vigawanya mzigo, vinavyopokea maombi ya watu na kuyagawa, navyo ni viwili vyenye anwani moja inayoelea kati yao kwa programu ya keepalived, ambapo wa akiba akikosa matangazo kwa sekunde tatu na ushei anaichukua anwani.

Makosa ya RAM yaliyosahihishwa yanatuma tahadhari. Yakijirudia kwenye kijiti kimoja, seva inahamwa siku hiyohiyo.

Kisha tulijaribu. Siku iliyotangazwa, wakubwa wakiwa na taarifa, nilikwenda kwenye chumba cha seva na kung'oa nyaya zote mbili za umeme za seva ya kwanza, ile yenye hifadhidata kuu. Nilisikia feni zikishuka. Kijana alikuwa kwenye simu akisoma: anwani imehama, sekunde nne. Kuandika kumegoma. Kimya. Bado. Patroni kwa kawaida hungoja sekunde 30 kabla uongozi haujaisha muda, najua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado mikono ilikuwa inaloa. "Kuu mpya, seva ya tatu, sekunde 34." Mashine nyingine za seva ya kwanza zilirudi baada ya dakika mbili na nusu, zikagawanywa kwa uzito, na seva iliyobeba zaidi ilibaki na GB 31 mkononi. Tulikaa kuangalia hadi kazi za usiku zikapita, safari hii bila kuagana mapema.

Muhtasari wa kikao tumeurekebisha. Sentensi yangu imefutwa, mahali pake pana jedwali la mashine zote na muda ambao kila moja itakuwa gizani seva yake ikifa: zenye sekunde nne, zenye nusu dakika, zenye dakika mbili hadi tatu. Mstari wa mwisho ni wa mashine moja ya programu ya zamani ambayo leseni yake iko kwenye kijiti cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva ya tatu, na haiwezi kuhamia popote bila mtu kwenda na kukihamisha kijiti kwa mkono. Kwenye safu ya muda tumeandika "hadi mtu afike", na mwenye programu ameweka sahihi pembeni.